Keki ya kilo moja imekula shilingi ngapi? Hesabu ya malighafi kwa anayetengeneza nyumbani

Ubishi wa bei ya keki hauishi. Mmoja anauza keki ya kilo 60,000, mwingine anasema mtaani kwao ni 30,000, wa tatu anaingia anasema yeye anatengeneza kwa 25,000 na faida anapata, basi hapo watu wanaanza kuitana wezi na wengine wanaambiwa wanaharibu soko. Ukiwasikiliza vizuri unagundua karibu wote wanabishana bila kuwa na ile namba ya msingi kabisa, yaani hiyo keki imekula malighafi ya shilingi ngapi. Sio kukadiria, kujua.

Makala hii ni kwa ajili yako wewe unayetengeneza nyumbani, iwe keki, sabuni, siagi ya karanga, achari, mikoba ya ukindu, chochote unachouza. Keki ndo nitakayoitumia kama mfano mkubwa kwa sababu ina vitu vingi, ukiiweza hiyo mengine ni mepesi. Bei nilizoweka humu ni za mfano tu ili hesabu ifuatike na nimeshaziingizia nauli, wewe toa hizo weka za sokoni kwako.

Tuelewane kwanza

Malighafi ni kila kinachoingia ndani ya bidhaa, unga, sukari, mayai, mafuta, rangi, uzi, chochote. Vifungashio ni boksi, ubao wa chini ya keki, utepe, chupa, lebo, na mimi navihesabu pamoja na malighafi kwa sababu vinaondoka na mteja na havirudi. Gesi, mkaa na umeme haviondoki na mteja ila vinaisha, hivyo vinakaa mstari wao. Alafu kuna kazi yako na ya msaidizi wako, kodi ya fremu, bando la kuposti, kuchakaa kwa mashine, hizo ni gharama za kweli kabisa lakini hazichanganywi huku. Wengi wanavurugikiwa hapa hapa, wanatupia vyote kapu moja, mwisho wa mwezi faida imepungua na hawajui kilichopanda ni sukari au ni bodaboda.

Na hiyo "kilo moja" yenyewe ina utata. Kuna mpishi akisema keki ya kilo anamaanisha ametumia unga kilo moja. Mwingine anamaanisha keki ikiwekwa kwenye mzani kabla ya kupambwa inasoma kilo moja. Mwingine anapima ikiwa na krimu juu. Hizo ni keki tatu tofauti, hiyo ya unga kilo moja ukishaweka sukari, mafuta na mayai inaweza kutoka kwenye oveni ina kilo tatu na zaidi, sasa utaifananishaje bei yake na ya mwenzio anayepima iliyoiva? Humu ndani nikisema kilo namaanisha keki iliyoiva, imeshasawazishwa juu, haijapakwa kitu.

Shusha kila kitu mpaka bei ya gramu

Tatizo kubwa kuliko yote ni mtu kuhesabu hela iliyotoka mfukoni badala ya kitu kilichoingia kwenye bakuli. Anaenda sokoni anarudi na mfuko wa unga wa kilo 25, trei la mayai, margarini, sukari, ametoa 90,000, anapika keki moja anaona imemlamba pesa nyingi mno. Wiki inayofuata anapika tena kwa vitu vilivyobaki stoo, safari hii hajatoa hela, basi oda yote anaiona faida na anaitumia kwa vocha, ada, kitoweo. Mfuko ukija kuisha hana ya kununua mwingine. Huko ndo kula mtaji, na unaliwa polepole na mtu ambaye kila siku anauza na anaamini biashara inaenda.

Dawa yake ni kugawanya tu. Chukua bei uliyonunulia, gawa kwa uzito au ujazo, upate bei ya gramu moja au mililita moja. Mfuko wa unga kilo 25 kwa 45,000 ni gramu 25,000, kwahiyo gramu moja ni shilingi 1.8. Sukari ya 3,000 kwa kilo ni shilingi 3 kwa gramu. Margarini ya 9,000 kwa kilo ni shilingi 9. Mayai yanahesabiwa kwa idadi, trei la 30 kwa 10,500 ni 350 kila yai, na kama kwenye trei huwa unakuta mawili yamepasuka basi gawa kwa 28, sio 30. Beking pauda gramu 100 kwa 1,500 ni shilingi 15 kwa gramu, vanila ml 100 kwa 3,000 ni shilingi 30 kwa ml, maziwa lita 2,400 ni shilingi 2.4 kwa ml.

Sasa leta resipi. Tuseme ni unga gramu 500, sukari 400, margarini 400, mayai 8, beking pauda gramu 15, vanila ml 10 na maziwa ml 150. Zidisha kila moja kwa bei yake: unga 900, sukari 1,200, margarini 3,600, mayai 2,800, beking pauda 225, vanila 300, maziwa 360. Jumla 9,385. Hiyo ndo hela iliyo ndani ya bakuli kabla hujawasha oveni.

Angalia hizo namba kidogo usikimbilie mbele. Unga ambao kila mtu anaulalamikia ukipanda ni 900 tu, hata haufiki moja ya kumi ya jumla. Margarini na mayai peke yake ni 6,400, zaidi ya theluthi mbili. Kwahiyo mtu anayezunguka soko zima kutafuta unga wa bei ya chini kwa tofauti ya mia mbili kwa kilo anaokoa shilingi 100 kwenye hii keki, wakati akipata mayai kwa trei la 9,000 badala ya 10,500 anaokoa 400. Bila kushusha kwenye gramu huwezi kuliona hili, unabaki kupambana na kitu kisichokuumiza.

Hapo utaona kwa nini mzani ni lazima. Kikombe cha kupimia ni kweli kina ujazo mmoja, lakini unga ukiuchota kwa kuukandamiza unaweza kupata gramu 150, ukiunyunyizia taratibu kwa kijiko unapata kama 120, kikombe kilekile. Na hapo ni kikombe cha kupimia, sijaongelea kikombe cha chai ambacho kila nyumba kina saizi yake. Kwenye unga gramu 30 ni shilingi 54, unaweza kuvumilia. Kwenye margarini gramu 30 ni 270, na ukipika keki ishirini kwa mwezi hiyo ni 5,400 ambayo hujui ilikoenda. Kama huna muda wa kupima kila kitu kwa umakini basi kuwa makini na vya bei kubwa, margarini, krimu, chokoleti, kokoa, njugu.

Kitu kingine kinachowapiga watu chenga ni lita na kilo kuchukuliwa kama kitu kimoja. Kwa maji ni sawa. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa karibu gramu 920. Resipi ikisema gramu 460 za mafuta hiyo ni nusu lita, ukiandika kwenye daftari ml 460 umeshapoteza ml 40 kila mara unapopika. Na ukinunua dumu la lita 20 usigawe kwa gramu 20,000, zipo kama 18,400.

Kinachopungua njiani

Hii ndo sehemu inayorukwa kuliko zote na ndo yenye hela.

Ukinunua samaki mzima wa kilo mbili, ukatoa magamba, matumbo na mapezi, kinachoingia kwenye sufuria hakifiki kilo mbili, ila muuza samaki hakukupunguzia hata senti. Nyama iliyobaki imebeba bei ya vyote ulivyotupa. Kila malighafi iko hivyo, nyingine kwa uwazi nyingine kwa kificho.

Rudi kwenye keki yetu. Ukijumlisha uzito wa vyote, yai moja bila ganda tukilichukulia gramu 50, mchanganyiko mbichi una gramu 1,875. Ikiiva maji yanatoka kwa mvuke, mchanganyiko mwingine unabaki umeshika kwenye bakuli na mwiko, tuseme inatoka na gramu 1,680. Ukikata kichwa kilichovimba ili ikae sawa unatoa tena kama 180, umebaki na 1,500. Pesa ni ileile 9,385. Ukigawa kwa uzito mbichi unapata 5,005 kwa kilo, ukigawa kwa uzito wa keki unayoweza kuuza unapata 6,257. Tofauti ni 1,252 kila kilo, na huyu wa 5,005 ana resipi ileile, soko lilelile, kila kitu sawa, ila anaamini ana faida ya 1,252 ambayo haipo duniani.

Vile vichwa vilivyokatwa kama unavipondaponda na krimu ukaviuza kwenye vikombe vidogo, vizuri, hapo vinaweza kubeba sehemu ya gharama. Kama wanakula watoto, basi gharama yake inabaki kwenye keki. Usijidanganye kwamba "haijapotea imeliwa", kwa upande wa biashara imetoka.

Hii asilimia ya kupungua huwezi kuikopa kwa mtu. Oveni yako, sufuria yako na mkono wako ndo vinaamua. Pima bakuli kabla ya kuoka, pima keki ikishapoa, pima baada ya kukata, fanya hivyo mara kadhaa uone inatulia wapi, alafu tumia hiyo.

Kwenye karanga ni vilevile. Umenunua kilo 10 kwa 35,000, unasema kilo ni 3,500. Ukachambua mbovu na mawe, ukakaanga zikapoteza unyevu, ukapepeta maganda mekundu, mashine nayo ikabakiwa na yake kwenye kinu, umetoka na siagi ya kilo 8 na nusu. Kilo sasa ni 4,118. Ukijaza kopo la gramu 400 lina karanga za 1,647, sio 1,400 uliyokuwa unaidhania, na hapo bado chumvi, kopo na lebo.

Sabuni ya mche ndo ina mtego mkubwa zaidi kwa sababu inapungua ikiwa imeshakaa kwenye shelfu. Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi, yaani bila kuipika jikoni, ina maji ndani, na kwenye zile wiki nne mpaka sita za kukauka hayo maji yanaondoka. Ukikata kipande cha gramu 100 siku ya pili kinaweza kuja kuwa na 88 kikishakauka. Kama lebo imeandikwa gramu 100 basi ulitakiwa kukata cha 115 hivi, maana yake malighafi ya kila kipande imeongezeka kwa asilimia 15 na bei uliyopanga haikuliona hilo. Mteja akipima akakuta 88 hapo una tatizo kubwa kuliko hiyo hela.

Na kwenye sabuni hauwezi kubadilisha mafuta tu ukaandika bei mpya ya mafuta ukamaliza. Kila aina ya mafuta inakula kiasi chake cha kostiki soda, mafuta ya nazi kilo moja yanahitaji kama gramu 183, mawese yanahitaji kama 141, na hivyo ni viwango vya juu kabisa, watengenezaji wengi wanashusha kama asilimia 5 ili sabuni isiunguze ngozi. Ukihama kutoka nazi kwenda mawese kwa sababu ya bei, kostiki lazima ishuke, hesabu yote ya malighafi inaandikwa upya. Asiyefanya hivyo hajaharibu daftari peke yake, ametengeneza sabuni ya kuchoma watu.

Krimu, boksi na jiko

Tuendelee na keki ya kilo moja. Imefika 6,257 ikiwa tupu. Krimu ya kupiga lita moja 16,000, umetumia ml 300, hiyo ni 4,800. Hesabu uliyomimina kwenye mashine, sio iliyoonekana juu ya keki, kwa sababu kuna inayobaki kwenye bakuli, kwenye spatula na ndani ya mfuko wa kupambia na yote umeilipia. Boksi 2,000, ubao 1,000, utepe 300, topa ya jina, ile inayochomekwa juu ya keki, 3,000. Vifungashio na pambo peke yake vimekuwa 6,300.

Vimeipita keki yenyewe, na hapa ndo wengi wanapigwa bila kujua kwa sababu akili yao yote iko kwenye unga na mayai. Jumla imefika 17,357. Anayesema keki ya kilo inamgharimu 6,257 tu mara nyingi hasemi uongo, anahesabu vya kwenye bakuli tu, boksi anaona kama ni kitu cha pembeni.

Jiko sasa. Gesi inapimika vizuri tu, usikubali kuambiwa ni ya kukadiria. Weka mtungi kwenye mzani kabla ya kuoka, uweke tena ukimaliza, kilichopungua ndo ulichotumia, kama mzani wako wa jikoni ni mdogo tafuta ule wa kuning'iniza mizigo. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, gramu ni shilingi 4, ukitumia gramu 250 ni 1,000. Kwa umeme soma mita kabla na baada, kisha chukua risiti ya LUKU ugawe hela uliyolipa kwa uniti ulizopewa, utapata bei yako halisi ikiwa na kodi zote ndani. Usizidishe wati za oveni kwa masaa ukaishia hapo, oveni inawaka na kuzima yenyewe ikishafikia joto, utajikuta umejipa gharama ambayo haipo. Mkaa ni mgumu kidogo, pima debe, pika mpaka liishe, gawa kwa idadi ya keki zilizotoka, inatosha.

Ukioka keki nne kwa pamoja gesi gawa kwa nne. Ukioka moja, moja hiyo inabeba yote.

Bei zikibadilika kila wiki

Swali linaloulizwa sana: nina sukari kilo 4 niliyonunua 3,000, leo nimeongeza kilo 6 kwa 3,600, natumia bei ipi? Jibu linategemea unataka kujua nini, na watu wanagombana hapa kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti.

Ukitaka kujua mwezi uliopita ulitengeneza faida kiasi gani, tumia wastani. Kilo 4 ni 12,000, kilo 6 ni 21,600, jumla 33,600 kwa kilo 10, kwahiyo kilo ni 3,360. Makosa yanayofanyika ni kujumlisha 3,000 na 3,600 na kugawa kwa mbili upate 3,300, hapo umesahau kwamba ile ya ghali ni nyingi kuliko ya rahisi.

Lakini ukiwa unamtajia mteja bei ya oda ya wiki mbili zijazo, wastani wa zamani haukusaidii. Tumia bei utakayonunulia tena. Kumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji wa viwanda vya sukari nchini Tanzania, kilo ikapita 4,000 sehemu nyingi. Aliyekuwa na stoo ya bei ya zamani akauza kwa bei ya zamani aliuza vizuri sana, wateja walimpenda, ila hela aliyokusanya haikutosha kurudisha sukari ileile aliyoitumia. Mimi msimamo wangu ni huo, bei ya oda ifuate soko la kesho, daftari la faida lifuate ulicholipa.

Mambo yanayosemwa sana na hayako sawa

"Zidisha malighafi mara tatu, hapo umemaliza." Hii imeenea kuliko zote na naelewa kwa nini, ni rahisi kukumbuka. Shida yake inadhani kazi inaongezeka pale malighafi inapoongezeka. Mteja akikuambia badala ya topa ya 3,000 anataka ya 10,000, kwako kazi ni ileile ya kuichomeka, ila kwa mara tatu bei inaruka 21,000 na mteja anakukimbia, ana haki. Upande wa pili mwanamke anasuka mkoba wa ukindu, ukindu na rangi havizidi 5,000, anaupigia mara tatu anauza 15,000, na mkoba umemla siku kadhaa za kusuka na kushona. Mara tatu imemuibia. Hesabu malighafi yake, hesabu kazi yake kwa masaa, zijumlishe, ndo uongeze faida.

"Vya nyumbani ni bure." Mayai ya kuku wako, maembe ya uani, nazi kutoka shamba la mama. Yai ambalo ungeliuza 350 kwa jirani ukaliweka kwenye keki limekugharimu 350. Na hata kama usingeliuza, siku kuku wakiacha kutaga utanunua, sasa utamwambiaje mteja wako kwamba bei imepanda kwa sababu kuku wamegoma? Weka bei ya soko tangu mwanzo.

"Mimi ni mdogo, VAT hainihusu." VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Kutoza haikuhusu, ni kweli, Tanzania Bara kujisajili kunaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Lakini unaponunua unalipa kwenye bidhaa zinazotozwa, na kwa kuwa hujasajiliwa huwezi kuidai irudi. Kwahiyo muuzaji wa vifungashio akikutajia 50,000 bila VAT, na VAT unayolipa ni asilimia 18, kwako wewe malighafi ni 59,000. Andika 59,000.

"Nimeweka faida asilimia 30." Ya nini? Ukiwa na gharama 20,000 ukaongeza asilimia 30 unauza 26,000, faida ni 6,000, na 6,000 kwenye mauzo ya 26,000 ni asilimia 23 tu. Ukitaka kwamba kila 100 inayoingia 30 iwe yako inabidi ugawe 20,000 kwa 0.7, upate 28,571. Tofauti ya 2,571 kwenye kitu kimoja. Zote mbili ni hesabu halali ila lazima ujue unaongelea ipi, hasa pale duka linapokuambia linataka kubaki na asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Hiyo 20 inakatwa kwenye bei ya mwisho, sio kwenye gharama yako.

"Kununua jumla siku zote ni nafuu." Kwa sukari na unga kama stoo yako ni kavu, sawa. Beking pauda ikishafunguliwa inafyonza unyevu na nguvu inapungua, kwa joto na unyevunyevu wa Dar au Tanga au Zanzibar kopo kubwa lisiloisha haraka linakuja kukufanya keki isiumuke. Bei ya gramu ilikuwa ndogo kwenye karatasi, ila gramu ulizotumia ni chache, na zilizobaki umemwaga.

Imebaki kesi moja inayosumbua, kwa sababu inaonekana kupingana na yote niliyosema kwamba hesabu kilichotumika. Umepata oda moja ya keki ya krimu, umefungua lita ya 16,000, umetumia ml 300, na huna oda nyingine ya krimu wiki nzima. Krimu haitasubiri. Je uandike 4,800 au 16,000? Kama una uhakika wa kuitumia iliyobaki, 4,800. Kama itaishia kumwagwa, hiyo keki imekugharimu krimu ya 16,000 na jumla sio tena 17,357, ni 28,557, gesi bado. Kabla ya kupokea oda ya namna hiyo kuna njia za kufanya, tafuta pakiti ndogo hata kama bei yake ya gramu iko juu, au tumia krimu ya unga ambayo unapiga kiasi unachohitaji na iliyobaki inakaa kavu, au mpe mteja siku ambayo una oda nyingine ya krimu mzigawane ile lita. Kama hakuna linalowezekana mwambie bei yenye lita nzima ndani yake, na akisema ni ghali una namba za kumwonyesha.